Chafya Iliyochelewa

Meza yetu ya chakula ina viti sita. Siku hizi tunaoketi hapo ni watatu: mimi, mama mkwe wangu, na binti yangu kitinda mimba. Binti huja na simu, huiegemeza kwenye chupa ya chai, na kula akiitazama. Kuna jioni alinitumia ujumbe akiwa chumbani kwake, hatua saba kutoka jikoni, kuuliza kama chakula kimeiva. Nilimjibu kwa ujumbe pia. Baadaye nilijiuliza ni nani kati yetu aliyeanza mtindo huo, lakini nilikuwa nimechoka, sikutafuta jibu.

Mama mkwe wangu ana miaka karibu tisini. Sote nyumbani tunamwita kogo, yaani nyanya, hata mimi niliyeolewa na mwanawe, ingawa ana kwa ana humwita mama. Hana simu na hataki. Binti anayo mbili na kompyuta. Kazi yake ni kusikiliza sauti za watu wa ng'ambo zilizorekodiwa, mikutano, mahojiano, mtu na wakili wake, na kuandika kila neno. Anaweza kukueleza ugomvi wa familia asiyoijua tangu mwanzo hadi mwisho. Ukimuuliza yeye mwenyewe anaendeleaje, atasema, "Poa, Mum," na kurudisha vile vitu vyake vya kusikilizia masikioni.

Mimi nilikuwa karani wa shule hadi nilipostaafu. Sasa nachuma majani chai yangu kwenye kishamba nilichoachiwa, na kila kikundi kinachoanzishwa hapa mlimani hunipa ukatibu, kwa sababu naandika nilichosikia na siongezi. Nasema haya mapema kwa kuwa daftari langu limo katika kisa hiki.

Kifungua mimba wangu, mvulana, yuko Marekani mwaka wa tisa sasa. Mume wangu alipofariki miaka minne iliyopita, mwanangu hakuja. Karatasi zake zilikuwa hazijakamilika. Akitoka kule hangeruhusiwa kurudi. Aliyatazama mazishi ya baba yake kwenye simu. Mpiga picha tuliyemkodi alisimama juu ya kiti cha plastiki kando ya majani chai, na mtandao ukakatika jeneza likiwa linashushwa. Uliporudi, watu walikuwa wanasawazisha udongo. Mwanangu aliniambia jambo hilo mara moja tu. Baada ya hapo simu zake zikapungua. Zilikuwa za kila Jumapili, zikawa mara mbili kwa mwezi, kisha zikabaki salamu za sikukuu zenye maua yanayometameta, ambazo nilijua alitumiwa na mtu mwingine naye akazisukuma kwangu. Sikumlaumu. Nilizijibu kwa maua vilevile.

Halafu mtoto wake akazaliwa, mvulana, na kogo akasema lazima aitwe.

Kwetu mtoto anapozaliwa wanawake wazee huketi na kuita majina ya waliofariki wa ukoo wa baba yake, mmoja baada ya mwingine, wakimuuliza mtoto kama ndiye. Jina atakalopigia chafya ndilo lililorudi. Huko nyuma walimnusisha tumbaku kidogo ili chafya isichelewe. Shughuli hiyo inaitwa kurenet. Sisi ni watu wa kanisa, na mchungaji wetu huizungumzia kwa tahadhari, lakini sijui nyumba hapa mlimani ambayo haikuifanya, iwe wazi au kwa mlango uliofungwa.

"Ataitwaje akiwa huko?" nilimuuliza kogo.

"Si mnaongea naye kwa hiyo sanduku ya msichana? Basi na mimi nitaongea naye."

Mwanangu alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Tukachagua Jumamosi saa kumi jioni, ambayo kwao ilikuwa asubuhi. Kogo aliwaita wenzake watatu, wote wajane, wote wamevaa sweta za kanisani. Binti aliweka kompyuta mezani juu ya vitabu viwili vya nyimbo ili wazee waonekane nyuso, maana mara ya kwanza walionekana vipaji vya nyuso tu. Mzee mmoja aliomba kwa ufupi. Mimi nilikaa pembeni na daftari. Nilikuwa nimeyaandika majina kumi na moja kwa mpangilio ambao kogo alinitajia asubuhi, nikiyapa namba. Sitayataja hapa. La sita lilikuwa la kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe wangu. La nane lilikuwa la mume wangu.

Kioo kikawaka, na mtoto akaonekana amefungwa blanketi hadi kidevuni, juu ya mapaja ya mama yake.

"Huyu ni mtoto au ni kabeji?" mzee mmoja aliuliza.

"Huko ni baridi, wewe. Tena mama yake ni wa Soin kwenye joto, hajazoea hata baridi yetu."

"Amevaa suruali ya kulalia na jua limeshatoka. Sisi tulikuwa tukijifungua leo, kesho tuko shambani."

"Wewe ulirudi shambani kwa sababu mume wako alikuwa mvivu."

Wakacheka mpaka binti akawaambia, "Kogo, nyamazeni kidogo, wanasikia kila kitu." Upande wa pili mke wa mwanangu alikuwa anacheka pia, ila kicheko chake kilitufikia baada ya sisi kumaliza cha kwetu. Niliona hilo. Sikulipa uzito.

Tumbaku haikuwepo na mama mtoto alisema hata ingekuwepo asingekubali. Kwa hiyo mwanangu alifungua dirisha kidogo ili hewa baridi imfikie mtoto puani.

"Unataka apate nimonia?" mkewe alisikika akisema.

"Dakika moja tu. Kogo, anza."

Kogo akaanza. Alikuwa na sauti ambayo sijaisikia kwake kwa miaka, ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Alitaja jina, akauliza, "Ni wewe?" akanyamaza kidogo, akataja lingine. Alipofika jina la tano picha ilikwama. Mtoto alibaki na mdomo wazi, mkono wa mwanangu ukabaki hewani.

"Kogo, ngoja, imekwama," binti alisema.

"Majina hayakatizwi," mzee mwingine akamjibu kwa ukali, na kogo aliendelea bila kugeuza kichwa. La sita. La saba. La nane. Hapo picha ikarudi kwa mkupuo, na mbele ya macho yetu mtoto akakunja uso na kupiga chafya.

Wazee waliruka. Nasema waliruka kwa sababu niliwaona, wanawake wa miaka themanini na kitu wakiacha viti. Vigelegele vilimtoa jirani shambani kwake. Kogo aliweka viganja viwili kwenye kioo, kwenye mashavu ya mtoto, akalitaja jina la mwanawe mara tatu na kusema, "Umechelewa. Umechelewa sana." Niliandika katika daftari: *La nane. Chafya moja.* Kisha nikashindwa kuandika.

Mwanangu alifungua mdomo, akaufumba, akamwinamia mtoto. Nilidhani analia.

Kuanzia siku hiyo alipiga simu kila siku. Narudia: kila siku, mtu ambaye nilikuwa nimezoea kupokea maua yake mawili matatu kwa mwaka. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana chetu. Alimweka mtoto mbele ya kamera na kusema, "Mzee anawasalimu." Kogo alisogeza kiti chake karibu na meza kabla ya saa kufika. Alimgombeza mtoto kama alivyokuwa akimgombeza mume wangu: "Uliondoka ua haujamalizwa, na ng'ombe wa jirani sasa wanalala hapa kama wamelipa kodi." Mwanangu alicheka hadi akatoka kwenye picha. Binti naye alianza kuketi nasi saa hiyo, simu zake zote mbili zikiwa zimelala kifudifudi mezani. Siwezi kusema niliamini kwamba mume wangu amerudi. Lakini nilianza kufunga kitambaa kizuri kichwani kabla ya saa ya simu, na mtu asiyeamini hafanyi hivyo.

Wiki tatu zilipita. Alasiri moja nilikuwa kituo cha kupimia majani chai, nimeketi juu ya gunia langu tukingojea lori, ambalo lilikuwa limechelewa kama kawaida. Simu ikaita. Mke wa mwanangu alikuwa ametuma kwenye kundi la familia video ya siku ile ya jina, aliyoipiga kwa simu yake akiwa upande wao. Kundi hilo lina watu zaidi ya arobaini, na kabla sijaifungua walishaanza kuweka alama za viganja vya kuomba na mioyo.

Niliifungua. Mtoto yuko mapajani. Sauti ya kogo inatoka kwenye kompyuta yao, nyembamba kidogo lakini yeye kabisa. Jina la nne. La tano. Kimya, kisha la sita, "Ni wewe?" Mtoto anakunja uso na kupiga chafya. Mwanangu anasema, "Aah!" Na sauti ya kogo inaendelea: la saba, la nane. Ndipo vigelegele vyetu vinaingia.

Niliitazama mara nne. Wanawake wenzangu waliokuwa kwenye foleni walidhani natamani kumwona mjukuu.

Ni jambo rahisi kulieleza. Sauti ya kogo ilichukua muda kufika kule, na picha ya mtoto ikachukua muda kurudi huku. Mtoto alilijibu jina la sita. Chafya yake ilipotufikia sisi, kogo alikuwa ameshapita majina mawili mbele.

Nyumbani nilimwonyesha binti. Aliiweka kwenye kompyuta yake, akavaa vile vitu vya masikioni, akairudisha nyuma na kuipeleka mbele kama anavyofanya na sauti za wageni wake.

"Ni la sita," alisema. "Hata hakuna shaka. Mum, mimi niliwaambia wangoje."

"Ulijua?"

"Nilishuku tu."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini? Kogo alikuwa anashika kioo." Aliifunga kompyuta. "Wachana nayo, Mum. Nani mwingine ataangalia kwa makini? Watu wanaweka tu mioyo. Hata hawafungui."

Alikuwa sahihi kuhusu mioyo. Na ukweli ni kwamba nilitaka kuachana nayo. Nilifikiria kiti cha kogo karibu na meza na vile mwanangu alivyocheka. Nikikumbuka ile miaka minne ya maua, sikuona kwa nini nifungue mdomo. Nikakaa kimya siku tisa. Kwa katibu, siku tisa ni nyingi.

Mtoto ndiye aliyenilazimisha. Alianza kulia. Kila tulipopiga simu alikuwa analia, uso mwekundu, miguu imekunjwa tumboni, na mama yake akionekana kama mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Kericho hadi Bomet. Daktari wao aliwaambia ni tumbo, litapita. Nami niliwaambia hivyohivyo, kwa kuwa hata mwanangu mwenyewe alipokuwa mchanga alilia hivyo.

Siku moja simu ilikatwa mapema kwa sababu ya kelele. Kogo hakuondoka kwenye kiti.

"Mtoto anayelia hivyo," alisema, "anaitwa kwa jina la mtu mwingine."

"Ni tumbo, mama. Daktari amesema."

"Daktari hakuwepo wakati wa majina." Akanitazama. Macho yake yana ukungu lakini yakikutazama unajua. "Wewe ndiye uliyeandika. Uliandika vizuri?"

"Niliandika nilichosikia."

Ilikuwa kweli. Nadhani sijawahi kusema ukweli ulionilemea kama huo. Kogo aliitikia kwa kichwa, akaridhika na katibu wake, akaenda kulala kidogo. Mimi nilitoka nje, nikasimama kwenye njia kati ya mistari ya chai ambako mtandao ni mzuri, nikampigia mwanangu. Sikutumia picha. Nilitaka sauti tu, kama zamani.

Nilimwambia yote kwa mpangilio. Video, daftari, namba. Alinisikiliza bila kunikatiza, hadi nikauliza kama bado yuko.

"Niko, Mum. Najua."

"Unajua nini?"

"Nilijua siku hiyohiyo. Sisi tulimwona akipiga chafya kwa huyo mwingine. Nikangoja mshangilie, kogo akaendelea tu. Halafu mkashangilia kwa jina la Baba. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo. Halafu nikamwona kogo ameshika kioo."

"Hata dada yako amesema hivyo."

"Sikuja kumzika, Mum." Alivuta pumzi. "Nikaona angalau hii niwape. Na mimi mwenyewe... nikaizoea. Nikimwamkia mtoto asubuhi nasema, 'Mzee umelalaje?' Kuna vitu nimemwambia ambavyo sikumwambia Baba."

Sikumuuliza ni vitu gani. Kulikuwa na jirani anayechuma upande wa chini, na sauti yangu ingefika.

"Kogo ameniuliza kama niliandika vizuri," nilisema.

"Ukamwambia?"

"Nimemjibu nusu. Siwezi kumjibu nusu tena. Naishi naye nyumba moja, wewe uko huko."

Sikukusudia kumchoma, lakini nilisikia jinsi neno hilo lilivyofika. Wakati huo mtandao haukuchelewa hata kidogo.

"Mwambie," alisema. "Usimwambie nilijua."

Nilimwambia kogo kesho yake asubuhi, akiwa kwenye baraza na ungo wa maharagwe mapajani. Sikumwonyesha video, macho yake hayafai kwa kioo kidogo. Nilimweleza kwa mfano wa mtu anayeita ng'ambo ya bonde na mwangwi unaochelewa. Alielewa kabla sijamaliza. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe katika maharagwe.

"Kwa hiyo mwanangu bado hajarudi," alisema.

"Bado, mama."

Alitoa jiwe, akalitupa uani. Kuku mmoja alilikimbilia, akaliacha. Nilingoja alie, na nilikuwa tayari kulia naye, lakini alipofungua mdomo tena aliuliza, "Na huyo wa sita, hata mnamjua?"

"Najua jina tu."

"Huyo!" Mabega yake yalianza kutikisika, na nilichelewa kujua kwamba anacheka. "Huyo hakuwahi kukaa nyumbani. Dereva wa lori. Ukimpikia leo, chakula kitaliwa na mbwa, yeye ameshafika Mombasa. Mama yake alimwekea maziwa miaka kumi. Sasa amewafuata hao huko. Anapenda barabara, huyo." Kisha akaacha kucheka. "Na sisi tunamwita kwa jina la mtoto wa mdogo wake. Lazima alie. Hata mimi ningelia."

Alitaka jambo lirekebishwe siku hiyohiyo. Safari hii aliwaweka watu wote mstari mmoja, mimi, binti, na wale wenzake wawili waliopatikana, akatuonya kwamba yeyote atakayepumua kwa sauti atatoka nje. Alilitaja jina la sita mara moja. Halafu tukanyamaza. Tulingoja sauti iende, tukangoja irudi. Ilikuwa dakika nzima pengine, watu wazima watano tukimtazama mtoto akilia kwenye kioo. Hakupiga chafya. Aligeuza kichwa kidogo upande wa kompyuta, akaendelea kulia.

"Amesikia," kogo alisema. "Inatosha."

Nimeulizwa na wanawake wa kikundi kama kilio kiliisha. Kiliisha baada ya siku kumi na mbili, mtoto alipokaribia miezi mitatu. Wazee wanasema ni jina. Daktari alisema tangu mwanzo kwamba kingeisha wakati huo. Nimeandika yote mawili.

Kilichoisha pia ni simu. Mwanangu aliendelea wiki ya kwanza, akawa anakosa siku moja, kisha mbili. Kamera ilipowashwa hakujua tena amweke nani mbele yetu. "Mzee anawasalimu" haikusemwa. Mtoto alikuwa sasa na jina la mtu ambaye baba yake hakuwahi kumwona, ambaye hata mimi sikuwahi kumwona, na hakuna aliyekuwa na la kumgombeza. Kogo aliketi kwenye kiti chake saa ile kwa mazoea, kisha akakirudisha dirishani bila kuniambia. Binti akarudisha vile vitu masikioni. Niliacha kufunga kitambaa.

Baada ya mwezi hivi mwanangu aliniandikia, wala si maua: *Mum, huyo mzee alikuwa mtu wa aina gani? Nikimwita mtoto jina hilo naona kama namwita mgeni. Muulize kogo. Arekodi.*

Niliusoma ujumbe ule jikoni nikiwa nimesimama. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa anaondoka amegeuka mlangoni na kuuliza kitu. Nilimweleza kogo, naye akakubali kwa sharti moja, kwamba binti asiwepo, maana mengine hayakuwa ya masikio ya wasichana. Binti alinionyesha kitufe cha kubonyeza na kushikilia, au kukisukuma juu ili kijishikilie chenyewe, akaenda Bomet na boda boda kwa shughuli zake.

Kogo alizungumza karibu saa nzima. Alianza na yule shemeji yake tangu utoto, akichunga ng'ombe ambako sasa ni chai tupu. Alisema kwa nini alichukia kukaa, sababu ambayo haikuwa kupenda barabara hata kidogo, na kulikuwa na mwanamke ndani yake, na ndugu wawili walioacha kusemezana.  Mimi, ambaye nimeandika kumbukumbu za mikutano ya kila aina ya kikundi, sikuwa na kalamu mkononi. Niliiamini simu. Mara mbili niliinuka, mara moja kuepua maziwa yaliyokuwa yanafurika, mara ya pili kumfukuza mbuzi.

Alipomaliza alijifuta midomo na kusema, "Basi. Mtumie."

Niliitazama simu. Kitufe hakikuwa kimejishikilia. Nilikuwa nimerekodi sekunde nne: kogo akikohoa, akisema, "Tayari?"

Nilimwambia papo hapo. Nilikuwa nimejifunza kutokungoja siku tisa.

"Mama, kosa ni langu. Haikushika. Tutarudia kesho, nitaandika kwa mkono."

Kogo alinitazama, akaitazama ile simu iliyokuwa kiganjani mwangu kama kitu nilichookota njiani. Alionekana mzee kuliko nilivyowahi kumwona. Maneno yale yalikuwa yamemtoka kweli. Niliona hayakubaki mengi.

"Mimi nimeshasema," alijibu. "Siwezi kumtoa mtu kaburini kila siku kwa ajili ya hicho. Anayetaka kusikia, aje aketi hapo ulipoketi."

"Yuko mbali, mama."

"Karatasi zake si zilipatikana?"

Zilikuwa zimepatikana, mwaka mmoja na nusu uliopita. Alituambia mwenyewe kwenye kundi la familia, na watu wakaweka mioyo. Hakuna aliyemuuliza basi utakuja lini. Hata mimi sikumuuliza. Nadhani niliogopa kwamba angejibu.

Jioni hiyo, kabla ya giza, nilienda tena kwenye njia ya katikati ya chai nikampigia. Nilimweleza kuhusu sekunde nne, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka kama mimi. Akaniuliza nakumbuka nini. Ningeweza kumpa nilichokuwa nacho, ng'ombe, mwanamke, ndugu wawili, na angeridhika, na labda hapo ndipo tungeachia. Sikumpa. Nilimwambia maneno ya kogo kama alivyoyasema, pamoja na lile la karatasi.

 Nyuma yake nilimsikia mtoto, halii, anatoa zile sauti zao za kujaribu mdomo.

"Mum," alisema hatimaye, "mvua ikianza, hiyo barabara ya kutoka sokoni hadi kwetu siku hizi inapitika?"

Nilitaka kusema inapitika. Nilitazama chini kuelekea sokoni, ambako lori la majani lilikuwa limekwama tangu juzi na vijana walikuwa bado wanalisukuma.

"Haipitiki," nilimwambia. "Gari litawaacha sokoni. Mtatembea."

"Na mtoto?"

"Mtambeba," nilisema. "Mtambeba mgongoni."